The Prince of Egypt: nimeiangalia na watoto huku Biblia iko mapajani

Juzi usiku tumeirudia The Prince of Egypt, ile katuni ya Musa ya DreamWorks ya mwaka 1998. Mi niliiona zamani kabla sijawa mzazi kwa hiyo nilichokuwa nakumbuka ni nyimbo na bahari kugawanyika basi, safari hii nimekaa na Biblia mapajani, kitabu cha Kutoka, maana nina mtoto wa miaka tisa na huyo kitu hakimpiti bila swali.

Watengenezaji wenyewe wanaweka maandishi mwanzoni kwamba wameongeza mambo yao na kwamba habari yenyewe iko Kutoka. Nimelipenda hilo. Na kweli wameongeza! Kwenye Biblia Musa anaokotwa mtoni na binti Farao, humu anaokotwa na mke wa Farao, ndo maana yeye na Rameses, mwana wa Farao anayekuja kuwa Farao mwenyewe, wanakua kama ndugu wa tumbo moja, wanakimbizana na magari ya farasi wanabomoa bomoa kila kitu. Pia Kutoka 7 inasema Musa alikuwa na miaka 80 na kaka yake Haruni 83 walipokwenda kwa Farao, humu ni vijana tu, ila hilo nawasamehe. Haruni ndo nimemwonea huruma jamani. Mtu kapewa na Mungu kazi ya kumsemea mdogo wake mwenye ulimi mzito, humu kafanywa mwoga mwoga wa kulalamika pembeni, nimemtetea usiku mzima hadi watoto wakaniambia baba hebu tuangalie.

Kilichonikera kidogo ni yule Mmisri aliyekuwa akimpiga Mwebrania. Kutoka 2 inasema Musa aligeuka huku na huku, alipoona hakuna mtu akampiga akamuua, akamficha mchangani. Kwenye katuni anamkurupukia kwa hasira mbele za watu, jamaa anaanguka kutoka juu anakufa, kama ajali vile. Wamemsafisha. Mi naona Musa wa Biblia aliyeangalia kwanza kama kuna shahidi anatisha zaidi, na huyo huyo ndo Mungu akamwita.

Ila kijiti kinachowaka moto, hapo nawavulia kofia (na viatu, kama Musa). Hakuna sauti ya radi ya mzee wa mawinguni, ni sauti ya upole karibu ya kunong'ona, na aliyeiigiza ni Val Kilmer, yule yule anayeigiza Musa. Halafu Musa akianza visingizio moto unapanda ghafla, nani aliyefanya kinywa cha mwanadamu, mwanangu wa mwisho akajificha nyuma ya mto. Muziki wa Hans Zimmer na nyimbo za Stephen Schwartz sina la kusema, ule wa Miriamu na Sipora, dada na mke wa Musa, ulichukua Oscar. Kile kipande watoto wanaimba lugha ngeni ni Kiebrania, ni maneno ya Kutoka 15, nitamwimbia Bwana kwa maana ametukuka sana, ingawa kwenye Biblia waliimba baada ya kuvuka bahari na humu wanaimba wakiwa ndo kwanza wanatoka Misri.

Sasa pigo la kumi, lile la kufa wazaliwa wa kwanza wa Misri. Halina damu wala kelele, mwanga mweupe unapita nyumba kwa nyumba na pumzi inakatika, ndo hivyo. Rameses anamlaza mwanae, anamfunika shuka, Musa anatoka nje anaanguka analia. Nyumba nzima kimya, halafu yule wa miaka tisa: huyo mtoto alikosa nini? Nikarudisha nyuma mpaka ile ndoto ya michoro ya ukutani, watoto wa Waebrania wanatupiwa mamba, nikamwambia unaona Farao alivyoanza. Akajibu, lakini aliyewatupa ni babu yake. Nikanyamaza.

Na hapo ndo naona katuni imekwepa. Biblia inasema mara Farao aliufanya moyo wake mgumu, mara Bwana ndiye aliyeufanya mgumu, yote mawili yapo. Humu lawama yote iko kwa yule baba aliyemwambia Rameses asije akawa kiungo dhaifu kwenye mnyororo wa ukoo, kijana akaishi na hilo neno mpaka likammaliza. Inaeleweka, inaumiza, ila upande wa Mungu hawakuugusa, kwa hiyo mzazi jiandae, swali litakuja kwako wewe. Walio chini ya miaka sita mi ningesubiri kwanza.

Inaishia Musa anashuka mlimani na mbao za amri, dakika 99 zimeisha, yule ndama wa dhahabu wa Kutoka 32 hayumo. Mtoto akachukua Biblia akaenda nayo kulala. Asubuhi kanikuta nakunywa chai: "Baba, yule Haruni wako, umeona alichofanya sura ya 32?"