Bima ya kazini na kibali cha upasuaji: nyota mbili kati ya tano

Kwa mafua na malaria, kadi hii haina neno. Unaweka kidole, unasaini, unachukua dawa, unaondoka. Tumekatiwa na mwajiri, kampuni ya ujenzi huku Mtumba, Dodoma, na kwa matibabu ya kawaida sijawahi kutoa hela mfukoni. Balaa linaanza pale daktari anapokuandikia upasuaji wa kupangiwa tarehe.

Nilikuwa na uvimbe kwenye kizazi. Hedhi inakuja na mabonge, nikipanda ngazi za ofisini nasimama katikati nahema kama bibi kizee. Vidonge vya kuongeza damu nimevimeza mpaka basi. Kipimo cha mwisho damu ikasoma 7.4, yaani imeshuka mno, daktari akasema uvimbe utolewe, kizazi kibaki. Hospitali ikaomba kibali kwa kampuni ya bima. Jibu likaingia kwenye simu: "Ombi limekataliwa. Huduma haimo kwenye kifurushi chako." Hakuna zaidi.

Huduma kwa wateja sasa. Dada anayepokea simu ana sauti nzuri, anajua kuomba radhi, na hajui kitu. "Mfumo unaonyesha limekataliwa, dada yangu." Kwa nini? "Mfumo hauonyeshi." Nani kakataa? "Makao makuu, Dar." Ofisi yao ya hapa mjini ina kiyoyozi, kalenda ya mwaka jana, na kijana anayekuandikia kwenye kikaratasi namba ileile ya simu uliyotoka kuipiga.

Aliyenifumbua macho ni mama wa dawati la bima pale hospitalini, tena huyo wala si mtu wao. Nikampa shikamoo, akanivutia kiti, akatoa nakala ya fomu na kuweka kalamu kwenye mstari mmoja. "Umeona hapa, mwanangu?" Kwenye historia ya mgonjwa daktari aliandika: miaka 34, hajazaa, anatafuta mtoto. Kwa mstari huo mkaguzi wa bima akanitupa kwenye fungu la matibabu ya ugumba, ambayo kifurushi chetu hakilipii. Damu 7.4 ilikuwa ukurasa wa pili. Ama hakufika huko, ama alifika akanyamaza.

Nikamsumbua afisa rasilimali watu mpaka akatoa mkataba wa kundi, ule wenyewe kati ya mwajiri na bima, maana kile kijitabu cha rangi wanachotugawia kina picha nyingi kuliko maneno. Upasuaji wa magonjwa ya wanawake umo. Nikadai sababu ya kukataliwa kwa maandishi, pamoja na kifungu walichotumia. Daktari naye akaandika barua upya: ikaanza na kutokwa damu, ikafuata 7.4, ukubwa wa uvimbe kwenye ultrasaundi, dawa nilizotumia zikashindwa. Habari ya mtoto haikutajwa, kwa sababu si hiyo iliyonipeleka kwa daktari.

Chini ya barua yangu nikaandika: Nakala, TIRA. Hao wasimamizi wa bima wako hapahapa Dodoma, hakuna nauli ya Dar, na Sheria ya Bima ya 2009 imemweka pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Siapi kwamba ni hiyo nakala iliyowaamsha. Ila safari hii yule dada wa sauti nzuri alinipigia yeye.

Kibali kikatoka. Tarehe yangu ilishapita, ikabidi nipangwe upya, na kwa kuwa damu ilizidi kushuka wakati wao wanasubiri mfumo, niliongezewa kwanza ndipo nikaingia chumba cha upasuaji. Hilo siwasamehei. Shemeji zangu walitoka Kondoa kuja kuchangia damu ambayo huenda nisingeihitaji.

Nyota ya kwanza ni ya malaria. Ya pili ni kwa sababu siku ya kuruhusiwa bili yote ililipwa bila kunishikilia wodini. Ya tatu waiombe kibali.