Darasa la jioni la Kiingereza hapa Arua: kauli ya kutendwa sasa naielewa

Kazi yangu ni kupokea na kutoa mizigo kwenye ghala hapa Arua, Uganda. Mdomoni tunatumia Kilugbara na Kiswahili, na wafanyabiashara wanaoingia kwa mpaka wa Vurra kutoka Kongo tunaelewana nao kwa Kiswahili. Karatasi lakini zote ni za Kiingereza: hati ya kupokelea mzigo, ripoti ya upotevu, barua kwa mwenye mali. Na zimejaa kauli ya kutendwa, yaani sentensi inayotanguliza kilichotendwa badala ya mtenda. Ndiyo maana nilijiunga na darasa la jioni la watu wazima.

Shuleni tulifundishwa kugeuza sentensi tu: mtenda nyuma, mtendwa mbele, basi. Kwa nini ugeuze, hatukuambiwa. Mwalimu wa hapa alianzia kwenye Kiswahili chetu. Aliandika ubaoni: ilikaguliwa, imekaguliwa, itakaguliwa. Akatuonyesha kwamba "kaguliwa" imetulia, kinachobadilika ni li, me na ta. Chini yake akaandika "was checked", "has been checked", "will be checked". "Checked" nayo imetulia. Mzigo wa wakati unabebwa na kitenzi "be" pamoja na visaidizi vyake "has" na "will". Kwangu mimi, somo hilo peke yake lilitosha kulipia ada.

Kisha akaja na sentensi hii: kufuli lilivunjwa na wezi kwa nyundo. "The padlock was broken by thieves with a hammer." Penye "na" ya mtenda weka "by", penye "kwa" ya kifaa weka "with". Tangu hapo sijababaika tena.

Palipotutoa jasho ni kauli ya kutendeka. Chupa zilivunjika: "The bottles broke." Chupa zilivunjwa: "The bottles were broken", yaani kuna mkono wa mtu. Kwenye ripoti ya mzigo tofauti hiyo ni pesa, maana ndiyo inayoamua nani alipe. Na ajali ilitokea ni "The accident happened", siyo "was happened" kama ninavyosikia kila siku, kwa sababu "happen" haina kitendwa cha kuletwa mbele.

Lakini kilichonifanya nimheshimu mwalimu huyu ni jinsi anavyokataa kauli hii itumike ovyo. Mwenzetu mmoja alileta ripoti ya kazini: "Ten bags were removed from the store." Mwalimu akauliza, na nani? Akajibiwa, dereva, kila mtu anajua. "Basi ndugu yangu, mwandike dereva." Mtenda akijulikana na akiwa ndiye hoja, anatajwa mwanzoni. Asipojulikana, au kama tunachotaka ni habari ya mzigo wenyewe, hapo tendwa inafaa. "The goods were received in good condition" inatosha, kwani jina na sahihi ya mpokeaji viko chini ya karatasi. Hili ndilo watu wa ofisini wanalolihitaji kuliko mazoezi yote ya kugeuza.

Kasoro zipo. Vitenzi visivyofuata kanuni, kama "stolen", "written" na "cut", tuligawiwa kwenye fotokopi iliyofifia tukaambiwa tukariri nyumbani, bila zoezi lolote. Na "is being loaded" iligusiwa juu juu, ilhali ghalani lori linapakiwa kila saa na lazima mtu aliandike hivyo. Mwanzo wa mwezi darasa hufurika hadi wengine wanaandikia magotini.

Kama "was" na "were" bado zinakuchanganya, omba darasa la chini kwanza, usikimbilie hili. Ada inalipwa kwa awamu mbili. Ukienda, beba karatasi za kazini kwako, ila futa kwanza majina na bei, kwa sababu mwalimu huziandika ubaoni na darasa zima linazisahihisha.