Riwaya ipi ya Kikorea ianze kikaoni: ya Han Kang au ya Shin Kyung-sook?
Chama cha wasomaji kinachoanza na riwaya za Korea Kusini katika tafsiri ya Kiingereza kinaweza kusita kati ya The Vegetarian ya Han Kang, iliyotunukiwa tuzo ya fasihi ya International Booker mwaka 2016, na Please Look After Mom ya Shin Kyung-sook. Hii ya pili, ambamo mama anapotea kituoni Seoul na watoto wake wanavutana kuhusu maneno ya tangazo la kumtafuta, humgusa kila mtu, lakini mjadala wake huishia upesi kwenye kukubaliana.

Ya Han Kang ni fupi, tena inakera. Mhusika wake mkuu, mke wa mtu aitwaye Yeong-hye, anakataa nyama. Baba yake anamzaba kibao mbele ya jamaa na kumlazimishia kipande kinywani, ilhali kisa kizima kinapita kwenye macho ya mume, shemeji na dada, naye mwenyewe husikika kwa nadra, katika ndoto zake. Ningeanza na hiyo, mradi wanachama waonywe mapema kuhusu ukatili uliomo.