Diski Mpya, Kompyuta Kuukuu: Ununue Nini Kwanza

Umechomeka diski ya nje kwenye kompyuta ya mtumba, ikalia tik, tik, kisha ikapotea. Usiizike bado. Mara nyingi ina njaa ya umeme tu. Mlango wa USB 2.0 umepangiwa miliampea 500, na diski ya inchi 2.5 ikianza kuzunguka huweza kutaka zaidi. Kabla hujatoa shilingi, ijaribu mlango wa nyuma. Ile ya mbele huunganishwa kwa nyaya za ndani ambazo huenda ni nyembamba au zimelegea.

Haikusaidia? Namba moja kwangu ni habu, yaani kifaa kinachogawa mlango mmoja wa USB kuwa kadhaa, yenye adapta yake ya umeme. Haitaki bisibisi, inafaa laptopu na kompyuta ya mezani, na hulisha diski na printa kwa pamoja. Ila kasi haiongezi: mlango wako ukiwa 2.0, habu ya 3.0 itatembea mwendo wa 2.0. Ukiwa Moi Avenue au Digo Road hapa Mombasa, mwambie muuzaji afungue boksi. Kuna habu zenye tundu la adapta na adapta yenyewe haimo, na mimi nishawahi kurudi nyumbani na moja kama hiyo. Tazama pia pini za adapta, usije ukaongeza gharama ya kutafuta soketi.

Pili, kadi ya USB 3.0, kwa wenye kompyuta za mezani. Hapa ndipo penye mbio: kutoka megabiti 480 kwa sekunde hadi gigabiti 5. Inakaa ndani ya kompyuta, kwenye nafasi ya kadi iitwayo PCI Express. PCI ya kale inaishia megabaiti 133 kwa sekunde, kwa hiyo hutaifaidi. Kompyuta za ofisi zilizo nyembamba hutaka kadi yenye bati fupi, basi pima kwanza. Na Windows 7 haikuja na draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya USB 3.0, lazima uipate kando.

Tatu, kebo ya kugeuza SATA, kiunganishi cha diski za ndani, kuwa USB, kwa aliyechomoa diski kwenye mashine iliyokufa. Diski ya inchi 3.5 hutaka volti 12, ambazo USB ya kawaida haitoi. Bila adapta haizunguki kabisa. Ikiwa diski ina pini 40, hiyo ni IDE, aina ya zamani, kebo yake ni nyingine.

Habu isiyo na adapta naiweka mkiani. Vifaa vyote vinagombania miliampea 500 zile zile. Mausi na flashi, sawa.

Kuhusu diski yenyewe, mwenye Windows XP ya biti 32 asivuke terabaiti 2. Ukitaka kuhifadhi video ya harusi, ifomati (iandae) kwa mpangilio wa NTFS, maana ule wa FAT32 haupokei faili la gigabaiti 4 kwenda juu.

Na kwa hewa yetu hii ya chumvi, angalia milango ya kompyuta kwa tochi. Ukiona ukijani ndani, mpelekee fundi kwanza.