Nimelipia kufundishwa bahari, mimi mjukuu wa nahodha

Ami yangu alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Laki nne na ishirini kufunzwa kwenda baharini? Mimi wageni wananilipa niwapandishe ngalawa, na wewe umetoa zako ukapandishwe bakuli la plastiki!"

Sikuwa na la kumjibu. Babu alikuwa nahodha, ami ni nahodha, mimi nimekulia Dar es Salaam na kazi yangu ni kuhesabu pesa za watu ofisini. Likizo zote nilizokuja kijijini nilikuwa abiria: nakaa nilipoambiwa, nakumba maji nikiambiwa. Usukani hakuna aliyenipa. Na ami si mtu wa kufundisha, akikuona unakosea anakunyang'anya kamba, basi.

Ndiyo maana mwezi wa saba nikajiandikisha kwenye kituo kimoja cha michezo ya majini, pwani ya mashariki ya Unguja, kati ya Paje na Jambiani. Siku nne, masaa matatu kila siku, 420,000 kwa bei ya mwenyeji. Kabla ya kulipa nilitafuta sana maelezo ya Mswahili mwenzangu aliyewahi kupita huko, nikakuta ya watalii tu. Kwa hiyo haya ni yangu.

Boti zao ni Laser, ambazo siku hizi zinaitwa ILCA. Alizichora Bruce Kirby wa Kanada mwaka 1969, na tangu Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996 watu wanagombea medali juu yake. Ukiikuta mchangani utaidharau. Urefu mita 4.2, uzito bila mlingoti wala tanga kama kilo 59, watu wawili mnaibeba mpaka majini. Haina pa kuweka samaki wala pa kujikinga na jua, na unakaa juu yake zaidi ya ndani yake. Mlingoti ni vipande viwili vya alumini vinavyochomekana, na tanga halifungwi kwa kamba, linavishwa mlingoti kama kanzu. Robo saa chombo kiko tayari. Nimeshamwona ami akimaliza asubuhi nzima akigombana na foromali, ule mti unaobeba tanga, kwa hiyo hapo nikavua kofia.

Kitu ambacho jicho langu lilikitafuta likakikosa ni matengo. Ngalawa ni gogo la mwembe lililochongwa jembamba, na bila yale mabawa mawili ingepinduka mtu akipiga chafya. Laser imepita njia nyingine. Tumbo lake ni pana na bapa, na katikati kuna tundu unaloshindilia ubao mrefu ushuke majini. Ubao huo kazi yake ni kuzuia chombo kisiende upande kama kaa unapokwenda joshi, yaani kuelekea upepo unakotoka. Kisipinduke, hiyo ni kazi yako mwenyewe: unaingiza miguu chini ya mkanda, unatoa makalio nje upande wa joshini, unalala chali juu ya maji. Usiku wa kwanza nilishuka ngazi za nyumba ya wageni nimeshika ukuta.

Siku hiyo ya kwanza yote iliishia kwenye jambo moja, kupiga bisha, yaani kugeuza chombo upepo ushike upande wa pili. Kwenye ngalawa niliyoizoea, ukitaka kugeuza huupi upepo uso. Unaupa tezi, yaani nyuma ya chombo, mwenzio mbele anaisimamisha foromali wima, demani, ile kamba ya kuongozea tanga, inapitishwa mbele ya mlingoti mpaka upande wa pili, tanga linajaa tena. Inataka watu wawili na nafasi. Laser ni kinyume kabisa na uko peke yako. Unausukuma mkono wa usukani kuelekea tanga, omo, mbele ya chombo, linaukata upepo, tanga linapiga makofi, na ile foromali ya chini (ngalawa haina kitu hicho) inapita juu ya kichwa chako. Mara ya kwanza niliipata kwenye sikio. Mara ya pili kwenye paji. Mwalimu, kijana wa Nungwi mwenye sauti isiyohitaji spika, akaniambia kutoka kwenye boti yake ya mashine, "Kaka, usiitazame! Iinamie!"

Na usisukume usukani nusunusu. Ukisita, chombo kinasimama uso kwa uso na upepo, kinatikisika pale, halafu kinaanza kurudi nyuma na usukani unafanya kazi kinyume. Hilo lilinitokea mara tano au sita, na kila mara sababu ilikuwa moja: nilikuwa nimegeuza wakati mwendo umeshakufa. Mwalimu alilirudia bila kuchoka. Kwanza legeza demani kidogo, shika kasi, ndipo ugeuze.

Siku ya pili ni kupinduka. Wanakupindua makusudi, na mimi nasema hilo peke yake linastahili nusu ya pesa. Nilikuwa nimekua na imani kwamba chombo kikipinduka ndiyo mwisho wa habari. Laser inalala ubavu, tanga linaelea juu ya maji, na wewe unazunguka kuogelea mpaka kwenye ule ubao wa kati, unapanda juu yake, unavuta ukingo wa boti, nayo inaamka taratibu. Mambo mawili unayafanya kabla: omo lielekee upepo, na demani iwe imefunguliwa. Mimi la pili nililisahau. Boti iliamka imebeba upepo wote, ikanipita, ikalala upande wa pili, nikawa nimeshika maji. Pia ukanyage ubao karibu na tumbo la boti, maana ukiukanyaga nchani unaweza kuuvunja. Na uking'ang'anie chombo hata kama umechoka. Kuna mgeni mmoja aliyetaka kuogelea mpaka ufukweni kwa kuwa aliuona uko karibu. Mwalimu alimfokea kuliko alivyotufokea sote siku nne.

Jaketi okozi ni zao na hugusi maji bila kulivaa, limefungwa mpaka mkanda wa mwisho. Hapo nawapa alama zote. Sisi watu wa pwani tuna desturi mbaya ya kulikalia jaketi kama mto. Visiwa hivi vimezika watu wa meli ya Spice Islander iliyozama mwaka 2011, mwaka uliofuata vikazika wa Skagit, na bado ami jaketi zake mbili zimo chini ya wavu, moja imetoboka.

Sasa malalamiko.

Boti namba tatu. Siku ya pili niliiona inazidi kuwa nzito, inageuka kama punda, na kila nikiinuka tezi linazama. Nikadhani ni mimi. Tulipoivuta ufukweni nikasikia maji yanacheza ndani ya tumbo. Kule nyuma kuna kizibo kidogo cha kutolea maji, na mpira wake ulikuwa umekwisha, umekauka kama gome. Mpira wa shilingi chache! Nilipowaambia wakafungua kizibo, maji yakatoka kama bomba kwa dakika kadhaa, wakakirudisha kilekile. Kesho yake akapewa mtu mwingine. Kwa hiyo ukifika, kabla hujavaa tanga, zunguka nyuma, fungua kizibo, tazama mpira, funga kwa mkono wako. Halafu itikise boti usikilize.

La pili ni kubwa zaidi, nalo ni maji. Jumatano na Alhamisi tulianza saa tano. Ijumaa, ili watu wawahi msikitini, kituo kikasogeza somo mpaka saa mbili asubuhi. Hakuna aliyefungua jedwali la maji kujaa na kupwa, na mimi mjukuu wa nahodha nikakaa kimya kama mgeni. Mwezi mwandamo ulikuwa siku ya kumi na sita, bamvua lenyewe, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Pwani ile siku za bamvua bahari inapwa mnamo saa nne asubuhi, na ikipwa inakimbia kweli, unaachwa mchanga na majani mpaka karibu na mwamba. Saa tatu na nusu ubao wangu ukagota chini. Nikaupandisha. Dakika kumi baadaye usukani nao ukagota.

Tukashuka, sote wanne, tukaanza kuburuta boti kwenye maji ya magoti, tukikwepa vile vidude vyeusi vyenye miiba. Na siku za bamvua ndizo siku za wanawake wa mwani. Kilimo hicho kipo huku tangu mwaka 1989, na maji yakipwa hivyo ndipo wanaposhuka kufunga na kuvuna. Kwa hiyo tulikuwa na hadhira. Usukani wangu ukanasa kwenye kamba ya mmoja wao, ukang'oa kigingi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, hii boti yenu ina magurudumu?"

Nikamwomba radhi, nikakipigilia kigingi kwa jiwe huku akinionesha pa kukaza. Fundo langu alilifungua akalifunga upya bila kusema kitu. Halafu akaniuliza mtoto wa nani, nikamtajia babu. Alinitazama tu. Ningependa angenitukana.

Kituo kiliomba radhi na kutuongezea saa moja siku ya mwisho, nami niliipokea. Lakini hapo ndipo nilipoona mpaka wa mafunzo yao. Boti wanaijua vizuri mno, na mwalimu yule nikimpata tena nitamlipa tena. Bahari yenyewe ya pale haimo kwenye somo: milango ya mwamba, ile mianya ya kutokea nje, iko wapi, mashamba ya mwani yanaanzia wapi, maji yanasogea kiasi gani siku hadi siku. Hayo nilikwenda kuyapata jioni ileile kwa ami, ambaye kwa mara ya kwanza maishani mwake alinifundisha kitu bila kuninyang'anya. Alihesabu kwa vidole vya mkono: leo maji yanapwa saa nne, kesho ongeza karibu saa moja, keshokutwa hivyohivyo. Akanionesha kwamba upepo wa kusi wa pale unakusukuma pwani, kwa hiyo chombo kikikushinda utaokotwa mchangani, mradi hujatoka nje ya mwamba. "Ukiona maji yamebadilika rangi kuwa buluu, ujue umeshakosea," alisema.

Jumamosi tulitoka saa nane mchana, maji yanajaa. Walinipa tanga dogo la mita za mraba 5.76 badala ya lile la 7.06, kwa sababu kusi lilikuwa limepanda, na hapo ndipo nilipoonja utamu. Boti iliinuka juu ya maji, ikaanza kuteleza, usukani ukawa unaimba mkononi. Kusema kweli nilipiga kelele. Katikati ya kelele hizo nikaona ngalawa inarudi kutoka mlangoni, tanga limejaa viraka. Sheria ya kimataifa ni nyepesi: vyombo viwili vya tanga vikikutana na upepo uko pande tofauti, anayepigwa na upepo kushotoni ampishe mwenzake. Wangu ulikuwa kuliani, haki ilikuwa yangu. Nikampisha mimi. Yeye ana samaki na watu wanamsubiri, mimi nachezea. Alipopita akainua mkono, na mtoto aliyekaa juu ya tengo akanipigia mluzi.

Mwisho wa siku wanakupa karatasi yenye jina lako. Ni ya kituo chenyewe, usitarajie uende nayo popote.

Kwa anayetaka kwenda: vaa viatu vya majini vyenye soli ngumu, glavu za bustani zinatosha kwa ajili ya kamba, na fulana ya mikono mirefu, maana jua la pale linakuchoma huku upepo unakudanganya. Dada mmoja wa Dar tuliyekuwa naye alifunga hijabu ndogo ya michezo na hakupata shida yoyote. Uwe unajua kuogelea walau kidogo, wao hawafundishi. Uliza mapema walimu wangapi kwa boti ngapi, sisi tulikuwa na mmoja kwa boti nne na hiyo naona ndiyo mwisho. Na jedwali la maji lichapishe mwenyewe.

Nimeshalipia siku mbili za Disemba, kaskazi ikianza. Nimewaandikia kwamba namba tatu siitaki, na mpira wa kizibo nakuja nao.