Boti mbili za futi 19 kwa familia: ipi ununue kwa bahari ya Dar

Ukisimama Slipway, pale Msasani jijini Dar, saa moja asubuhi siku ya Jumapili, kila boti ni nzuri. Maji yametulia kama ya kwenye beseni, kisiwa cha Bongoyo kinaonekana kiko hapo tu, na mashine inaunguruma taratibu. Wauzaji wanalijua hilo, ndiyo maana wengi hupenda kukupeleka majaribio asubuhi. Mimi nakuomba uifikirie boti saa tisa alasiri mwezi wa Julai, kusi imeshapanda, mnarudi kutoka kisiwa cha Mbudya na watoto wamelowa, wana usingizi. Msasani iko kusini mwa kisiwa, kwa hiyo kurudi ni kwenda joshi, upepo na mawimbi vyote vinakuja usoni. Boti ya familia inunuliwe kwa ajili ya saa hiyo.

Nimetumia miezi minne kutafuta boti ya watu sita: mimi, mke wangu, watoto watatu na mama yangu, ambaye ana umri wa miaka 68 na mgongo unaomsumbua. Mwishoni nilibaki na aina mbili. Zote ni za faiba, futi 19, wazi juu, usukani katikati, mashine moja ya nje ya nguvu farasi 60. Kwenye picha huwezi kuzitofautisha, lakini baharini ni vitu viwili tofauti kabisa.

Ya kwanza, nitaiita nyeupe, tumbo lake limechongoka kama V hadi nyuma kabisa, pembe ya digrii 20 hivi. Mashine yake ilikuwa Yamaha Enduro, ile ya kuchanganya oili, na ilishafanya kazi miaka mingi. Ya pili, ya bluu, ni pana zaidi na tumbo lake nyuma limelala, digrii 12 hivi. Hii ilikuwa na fo-stroki mpya, mashine isiyochanganywa oili kwenye petroli, inayong'aa, kimya, unawasha kwa ufunguo. Nakiri kwamba nilipoziona mara ya kwanza moyo ulikwenda kwenye ya bluu.

Tumbo kwanza, mashine baadaye

Tumbo lililochongoka linapasua wimbi, lililolala linalipiga. Jambo hili lilijulikana vizuri baada ya mwaka 1960, pale boti ya tumbo la V lililochongoka sana iliyochorwa na Mmarekani Ray Hunt iliposhinda mashindano ya kutoka Miami hadi Nassau katika bahari chafu. Nililisoma zamani, ila sikulielewa hadi nilipompandisha mama.

Tulijaribu ya bluu alasiri, tukazunguka Bongoyo. Kwenda ilikuwa raha. Tulipogeuza omo, yaani mbele ya boti, kuelekea kusini, wimbi la kwanza lilitupiga chini kwa kishindo, la pili likamnyanyua mama kutoka kwenye kiti na kumrudisha kwa nguvu. Alishika chuma cha pembeni kwa mikono miwili, kanga imemlowa mabegani, hasemi kitu. Nikapunguza mwendo, boti ikaacha kuteleza juu ya maji, ikaanza kujikokota huku omo likirusha maji ndani. Baada ya dakika kumi akasema, "Mwanangu, mimi nishushe popote penye mchanga." Ile fo-stroki ilikuwa inafanya kazi yake bila kosa lolote. Shida ilikuwa chini yake.

Wiki iliyofuata tulikwenda na nyeupe, saa ileile, upepo uleule. Maji yalirushwa pembeni badala ya usoni, na mishtuko ilikuwepo lakini laini, kama gari lenye springi nzuri kwenye barabara ya vumbi. Mama alizungumza njia nzima.

Nyeupe nayo ina deni lake. Ikisimama inayumba. Watoto wakikimbilia upande mmoja kuangalia samaki, boti nzima inainama, na kumpandisha mtu mzima kutoka majini ni kazi ya watu wawili. Ya bluu imetulia kama jamvi, unaweza kutembea ukingoni. Pia inaelea kwenye kina kidogo zaidi, jambo lenye maana maji yakipwa siku za bamvua, yanapopwa na kujaa kuliko kawaida, kwani pwani yetu tofauti ya kupwa na kujaa inakaribia mita 4. Kwa hiyo ukikaa Mafia ndani ya ghuba, au kwenye mikondo ya Rufiji, au hori lolote lisilopigwa na wimbi la nje, pindua orodha yangu: ya bluu iwe ya kwanza.

Mafuta

Kutoka Slipway hadi Mbudya na kurudi ni kama kilomita 21. Kwa kipimo changu mwenyewe, kwa dumu, ya bluu ilikunywa lita 12 na nyeupe lita 18. Mashine ya kuchanganya inataka pia lita 1 ya oili kwa kila lita 50 za petroli, na ukisahau kuchanganya utaua mashine siku hiyohiyo. Ukitoka kila wiki, pengo hilo ni pesa ya kweli. Lakini mashine inafunguliwa kwa boliti chache na kubadilishwa, na tumbo la boti utakufa nalo. Tena Enduro inatumiwa na wavuvi wetu wengi, na spea na mafundi wake hukosi.

Vyovyote utakavyochagua, gawa tenki mara tatu: theluthi ya kwendea, theluthi ya kurudia, theluthi ya dharura.

Kukagua, sehemu ambayo wengi wanairuka

Hapa ndipo nilipookolewa. Ile nyeupe ya kwanza nilikuwa tayari kuilipia. Nikamwomba fundi faiba mmoja wa Kunduchi aje kuitazama kabla sijatoa hela. Hakugusa mashine. Alichukua bisibisi, akaigeuza mpini, akaanza kugonga boti polepole kutoka omo kwenda shetri, yaani nyuma, sikio karibu na faiba. Ko, ko, ko, sauti kavu. Alipofika kwenye ubao wa nyuma unaobeba mashine sauti ikabadilika, bu, bu, kama unagonga papai bivu. Akafungua skrubu moja ndogo ya chini iliyoshika bomba. Yakatoka maji ya rangi ya chai, yakachuruzika kwenye faiba nyeupe, yakaendelea kutoka. Akayanusa, akaninusisha na mimi. Harufu ya mbao iliyooza.

"Kaka, ndani humu hamna ubao tena," alisema. "Umebaki uji."

Muuzaji alikuwa ameipaka rangi mpya sehemu hiyohiyo. Hakukubali kupunguza bei hata kidogo, nikaondoka. Niliumia, kwa sababu tulikuwa tumeongea kama ndugu na alishawabeba watoto wangu kwenye boti ile. Ubao wa nyuma ukikatika baharini, mashine yenye uzito wa kilo mia inakwenda chini na maji yanaingia palipobaki wazi.

Kwa hiyo gonga boti nzima. Kisha inua mashine kwa tilti, shika mguu wake wa chini, uusukume juu na chini huku mwenzako anaangalia ubao: ukiona unapinda au faiba ina nyufa kwenye kona, achana nayo. Tembea sakafuni bila viatu, panapobonyea pameoza. Kwenye mashine, mwambie fundi apime kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, silinda zote zisipishane zaidi ya asilimia 10 hivi. Ikiwaka, maji ya kupozea yatoke kwa nguvu, yasidondoke matone. Angalia zinki, kile kipande kinachowekwa ili chumvi ikile badala ya mashine: kama haipo au imeliwa yote, jua chumvi imeshahamia kwenye mashine yenyewe.

Uliza pia kama boti ina povu la kuelea ndani. Marekani sheria inataka boti za mashine ya nje zilizo chini ya futi 20, zilizotengenezwa tangu 1978, zikijaa maji ziendelee kuelea zikiwa zimelala sawa. Boti nyingi zinazofinyangwa huku kwetu hazina kitu chini ya sakafu zaidi ya hewa. Ya bluu haikuwa na povu, nyeupe ilikuwa nalo, na kwangu hilo peke yake lingetosha kuamua.

Idadi ya watu nayo isikuhadae. Wamarekani wana kanuni rahisi kwa boti ndogo: zidisha urefu kwa upana kwa futi, gawa kwa 15. Futi 19 kwa 7 inakupa watu 8, na hao ni wa hali nzuri ya hewa. Mimi napakia 6, kila mmoja na jaketi lake la kuokolea linalomtosha. Jaketi la mtu mzima kwa mtoto wa miaka mitano linamvuka kichwani akianguka.

Mpangilio wangu

Nafasi ya kwanza naipa nyeupe, tumbo la V, hata ikiwa na mashine ya zamani, mradi ubao wa nyuma ni mkavu. Nilipata nyingine ya aina hiyo baada ya wiki saba, na fundi yuleyule aliigonga nzima kabla sijataja bei.

Nafasi ya pili ni ya bluu, kwa maji yaliyofichika na kwa mvuvi wa mishipi anayekaa sehemu moja siku nzima.

Kuna aina ya tatu utakayoonyeshwa, boti nzuri yenye viti vya ngozi mbele na injini ya ndani yenye mguu unaotokeza nyuma. Nyingi zilibuniwa kwa maziwa ya maji baridi. Ule mguu unakaa ndani ya chumvi muda wote na umezibwa kwa mipira inayopasuka ikizeeka. Usinunue kwa bahari yetu.

Kabla ya kulipa, dai karatasi za usajili na ukaguzi: Tanzania Bara ni TASAC, Zanzibar ni Mamlaka ya Usafiri Baharini, Kenya ni KMA. Namba iliyochongwa kwenye faiba na ile ya mashine zilingane na karatasi. Halafu panga miadi ya majaribio saa nane mchana, beba mtu mzima wa nyumbani kwako mwenye mgongo mbovu kuliko wako, na mwachie yeye kiti cha mbele.