Shira ya mepo kwa ajili ya bia: ipi ununue, ipi uiache dukani

Ile shira ya rangi ya dhahabu iliyotiwa kwenye kichupa cha kioo chenye umbo la jani ndiyo inayomvutia kila mgeni wa Vermont, jimbo la Marekani, au Québec, jimbo la Kanada, na kwa mpika bia ndiyo hasara. Hamira haina macho. Sukari ya mepo karibu yote ni sukroze, sukari ileile ya kwenye chai, na hamira huila ikaisha, ikaacha kilevi na gesi. Kinachobaki kwenye glasi ni kile ilichoshindwa kukila: karameli, kuni, ukali kidogo wa kitu kilichopikwa karibu na kuungua. Nimepanga orodha hii kwa kipimo kimoja tu, yaani ladha itakayobaki baada ya hamira kumaliza kazi, ukilinganisha na pesa uliyotoa.

Kwa ambaye hajawahi kuona kazi yenyewe: mepo ni ule mti ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada. Hutobolewa kuanzia mwishoni mwa Februari hadi Aprili, usiku kukiganda na mchana barafu ikiyeyuka, na utomvu hutiririka ukiwa mwepesi kama maji, na sukari asilimia 2 hivi. Mtu wa pwani aliyezoea tembo la mnazi atashangaa kuwa hauchachi wenyewe kabla ya jioni. Baridi ndiyo inayouzuia. Lita 40 hivi za utomvu huchemshwa hadi kubaki lita moja ya shira yenye sukari asilimia 66.

Tangu 2014 na 2015, Kanada na Marekani zinatumia madaraja manne yaleyale, na yote yanaitwa Grade A, kwa hiyo herufi A peke yake haikwambii kitu. Soma rangi: Golden (dhahabu), Amber (kaharabu), Dark (nyeusi), Very Dark (nyeusi sana). Kwenye makopo ya Québec utayakuta kwa Kifaransa, na la mwisho huandikwa "très foncé". Rangi hupimwa kwa kiasi cha mwanga unaopenya kwenye shira. Utomvu wa mwanzo wa msimu hutoa shira nyeupe; joto likianza kupanda, bakteria huvunja sukroze kuwa glukozi na fruktozi, na hizo zikipikwa hukolea rangi na ladha. Kwa hiyo weusi wa shira si uchafu.

Nafasi ya kwanza: Very Dark, galoni nzima, kutoka banda la mpikaji wa shira

Inua galoni ya Very Dark juani na utaona kahawia nzito isiyopitisha hata robo ya mwanga. Kwenye mkate ni kali mno kwa watu wengi, na ndiyo sababu mara nyingine wapikaji huiuza bei nafuu kidogo. Kwenye bia, ukali huo ndio utakaosalia.

Galoni ya Marekani ni lita 3.8, na ukiinunua kwa mpikaji mwenyewe utalipa dola 50 hadi 70 hivi. Ukinunua kwa vichupa, lita moja itakugharimu mara mbili au tatu zaidi. Lita moja ndani ya bia lita 20 huongeza kilevi cha asilimia 2.5 hivi, na hicho ndicho kiasi ninachokipendekeza kwa stauti, ile bia nyeusi nzito, au bia ya kahawia. Galoni moja basi inatosha mapishi matatu, na inabaki ya kutia kwenye chupa.

Hapa nitakaa kidogo, maana watu hununua shira sahihi kisha wakaiharibu kwa kuitia mapema. Ukiimwaga kwenye sufuria wakati kimea kinachemka, mvuke unaondoka na harufu. Ukiitia siku ya kwanza pamoja na hamira, povu na gesi ya uchachu vinaibeba harufu hewani. Subiri siku tatu au nne, povu likishuka na mlio wa kifuniko cha gesi ukipungua, ndipo uimimine. Galoni ambayo haijafunguliwa ilijazwa ikiwa moto, unaweza kumimina moja kwa moja. Iliyokwisha kufunguliwa ipashe moto kwanza hadi nyuzi 75 au 80, iache ipoe, kisha itie. Hamira itaamka upya, kwa hiyo acha nafasi ya povu juu ya ndoo. Usipoacha utapiga deki.

Utamu hautarudi hata ukifanya yote hayo. Ukiutaka mdomoni, uweke kwenye kimea: nusu kilo ya kimea cha karameli kwa lita 20 itampa mnywaji kile anachodhani ni utamu wa mepo.

Nafasi ya pili: Dark, dumu kubwa la duka la jumla

Ukiwa mbali na mashamba, hili ndilo jibu. Maduka makubwa ya jumla huuza dumu la lita moja au zaidi la Dark kwa bei inayokaribia ya shambani, na kule Québec kuna kopo la bati la mililita 540 linalopatikana kila kona. Québec peke yake hutoa sehemu kubwa ya shira ya dunia, na chama cha wazalishaji wake huweka akiba kwenye maghala. Ni akiba hiyo iliyoibiwa kati ya 2011 na 2012, shira tani zipatazo 3,000 zikanyonywa kwenye mapipa, mengine yakajazwa maji.

Ladha ya Dark iko chini kidogo ya ile ya kwanza. Ongeza robo lita na hutajua tofauti.

Nafasi ya tatu: utomvu wenyewe

Bia ya utomvu ni ya zamani kule New England, kaskazini mashariki mwa Marekani. Wakulima waliipika kwa utomvu wa mwisho wa msimu, wakaiweka kwa ajili ya kazi ya kukata nyasi za mifugo wakati wa kiangazi. Unautumia badala ya maji. Lita 25 zina nusu kilo ya sukari, kwa hiyo kilevi kitapanda asilimia 1 hivi. Usitarajie bia ya kunukia mepo. Utapata bia yenye ulaini fulani wa madini na mbao, nzuri sana kwa bia nyepesi isiyo na hopsi nyingi (maua yanayotia bia uchungu), na yenye kumchanganya mnywaji asijue ni nini.

Kwa nini basi iko ya tatu? Kwa sababu utomvu huharibika kama maziwa. Uweke chini ya nyuzi 4, uupike ndani ya siku chache, na ukianza kuwa na ukungu au kunata umwage. Asubuhi ukikuta barafu juu ya ndoo, itupe: sehemu iliyoganda ni maji karibu matupu, na sukari imebaki chini. Nawapendelea zaidi wapikaji wenye mashine za kuchuja maji kwa shinikizo, maana wanaweza kukuuzia utomvu uliokolezwa hadi asilimia 8 au zaidi kabla haujaingia motoni. Huo ukiupata, upandishe hadi nafasi ya pili.

Maji ya mepo ya kwenye pakiti za dukani ni utomvu uleule kwa bei ya manukato. Hapana.

Nafasi ya nne: Amber na Golden

Mpe mtoto ale na chapati za maji. Kwenye bia ni sukari ya gharama. Kazi moja tu inazifaa: kutia gesi kwenye chupa, ambako mililita 130 hivi hutosha lita 20, na hapo ladha hata usiitafute. Sukari ya mepo ya unga nayo iko hapahapa, ila bei yake ni juu zaidi.

Ya kuacha dukani: shira ya pankeki

Chupa ya bei ya chini yenye neno pankeki mbele na bila neno mepo kwenye orodha ya viungo ni shira ya mahindi iliyotiwa rangi na manukato. Ubaya wake hasa ni dawa za kuzuia kuoza, kama sodiamu benzoeti na potasiamu sorbeti, ambazo kazi yake ni kuzuia chachu na ukungu. Utaitia, hamira italegea, na utakaa wiki nzima ukiitazama ndoo.

Kuna msaidizi mmoja ambaye wengi wenu mnaye jikoni tayari: uwatu. Mbegu zake zina sotoloni, kemikali yenye harufu ya mepo hasa. Mwaka 2005 jiji la New York lilianza kunuka shira mara kwa mara bila mtu kujua kwa nini, na mwaka 2009 chanzo kikapatikana: kiwanda cha New Jersey kilichokuwa kikisindika uwatu. Kaanga kijiko kimoja cha chai bila mafuta, ponda, weka kwenye ndoo pamoja na shira. Ukizidisha, bia itanuka mchuzi.

Kwa walioko Marekani, sheria iliyoanza 1979 inamruhusu mtu mzima kupika galoni 100 kwa mwaka, au 200 kwa nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi, bila kuuza hata chupa.

Wakati wa kununua ni mwishoni mwa Machi na Aprili, wapikaji wengi wa Vermont wanapofungua mabanda yao kwa wageni. Ukiuliza ipi nzuri watakuletea ya dhahabu, kwa hiyo taja wazi kuwa unapika bia na unataka ya pipa la mwisho. Onja kabla ya kulipa. Ulimi ukikuta ladha ya chokoleti ya bei rahisi au ya majani mabichi, mti ulikuwa umeanza kuchipua. Chukua Dark na umwachie hiyo nyingine.